Mlima Baada ya Bahari

Sehemu ya Tisa

Mliokaa wiki nzima mkimsubiri Oralee aangue kilio, poleni. Hakulia.

Alikuwa palepale tulipomwacha, bandarini, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, mkono mmoja umeshika koti la kuzamia alilokuwa akilisuuza na mwingine umeshika simu. Dereva wa teksi alikuwa akimrudia maneno yaleyale: yule mgeni wake, binti wa Santo Domingo, ameomba kushushwa mwanzo wa ngazi za mlimani, na ameshaanza kupanda. Hana hata chupa ya maji.

"Umenisikia lakini, Ora?"

"Nimekusikia," akasema. Akakata simu, akamalizia kusuuza koti, akalitundika.

Ndivyo alivyo Oralee siku hizi. Mwambie nyumba yake inaungua, atakuuliza kama umekula.

Hapa kisiwani Saba kanuni ni moja na hata mtoto wa chekechea anaijua: mlima kwanza, bahari baadaye. Wageni wanakuja kwa siku chache, wanataka yote mawili, wapande mlima na wazame majini, na hakuna anayewakataza. Wanaambiwa tu wasigeuze mpangilio. Mtu aliyetoka chini ya maji ana hewa iliyojificha kwenye damu. Akipanda juu kabla haijatoka taratibu, inatoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Mwenye bahati anaumwa viungo. Asiye na bahati hatembei tena.

Na huyu hakuwa mgeni wa hivihivi. Kwa wale mliokosa gazeti: asubuhi ile, ndani ya mashua, injini ikinguruma na nahodha akiwa amewapa mgongo, huyu Mairelys alimsogelea Oralee akamwambia sikioni kwamba Cleyborn hakufa. Cleyborn, mumewe Oralee, mvuvi wa kamba koche, aliyezama mwaka jana pamoja na Wendel, mdogo wake Oralee wa tumbo moja. Wendel maji yalimtupa ufukweni. Cleyborn hakuonekana tena.

Mke anayeambiwa mumewe yu hai hufanya nini? Mnajua alichofanya Oralee. Alivaa miwani, akauma mpira wa hewa, akajitupa majini kinyumenyume.

Alikwenda chini, akapita mwamba, akapita matumbawe, akapita kina ambacho hajawahi kumfikisha mgeni yeyote, mpaka rangi zote zikaisha ikabaki bluu tupu. Akakaa huko akiiangalia mikono yake. Hakuwa anatafuta kitu. Alitaka kuona kama atahisi lolote juu ya yale aliyoambiwa. Alipoona hahisi, akapanda.

Kina chenyewe hakukiangalia, na hakumwambia mtu.

Mjomba wake, Elvando, nahodha wa ile mashua, ndiye aliyeshtuka kwa niaba yake. Aliposikia mgeni yuko mlimani alitafuta funguo za pikapu kwenye mifuko yote, mpaka alipozikuta mkononi mwake mwenyewe. Alisema binti yule ana wazimu. Aliambiwa jana apande mlima akadai ana usingizi, leo ametoka majini nywele hazijakauka ndiyo anakumbuka mlima.

"Atatufia kule juu," akasema. "Mtoto wa watu. Tubebe na mtungi wa oksijeni?"

"Mzito, na zile ngazi zina ukungu. Tutamshusha yeye aje kwenye mtungi."

"Haya. Piga simu zahanati wakae tayari."

Oralee akapiga simu zahanati, sauti yake imetulia kama anaagiza mkate. Pikapu ikaanza kupanda kona za barabara, bahari ikazidi kushuka upande wa dirisha, masikio yakaziba na kuzibuka. Katika kona ya tatu au ya nne Elvando akamtupia jicho.

"Na wewe je? Si ulizama naye?"

"Mimi ni wa hapa, mjomba."

Elvando akatikisa kichwa kukubali, akabadilisha gia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nawaambia mapema msije mkasema niliwaficha. Mzee aliyekula chumvi ya bahari ile tangu utotoni, na mpwa wake ambaye kazi yake ni kuwafundisha wageni kanuni ileile, walikubaliana kwa jibu hilo. Sisi nyumba zetu ziko juu. Kila jioni mzamiaji wa Saba anatoka bandarini anapanda, na haiti hiyo kupanda, anaita kwenda nyumbani. Mlima ni wa wageni.

Siku nyingine zote jibu lile lilitosha, maana Oralee huzama na wageni kina kifupi tu, kisha hukaa chini bandarini akiosha vifaa hadi jua lipoe. Leo hakuwa ametoka kina kifupi, wala hakukaa.

Elvando akasimamisha gari kijijini, mwanzo wa ngazi. Magoti yake hayamudu tena mlima, akasema atangoja pale. Oralee akavaa viatu, akaacha simu yake kwenye kiti, akakata njia ya mkato, inayopita uani kwake mwenyewe.

Kwetu wafu hatuwapeleki mbali. Tunawazika uani, karibu na jiko, wasikie sufuria zikigongana. Uani kwa Oralee kuna makaburi mawili ya saruji. La Wendel lina Wendel. La Cleyborn lina jeneza lenye suti yake ya harusi, maana mama yake alisema hawezi kuishi na mtoto asiye na pa kulala. Na huyo mama, Bi Eudora, mkwewe Oralee, alikuwa amepiga magoti palepale na ndoo, analipaka kaburi la mwanawe chokaa.

"Mbona mapema leo?" akauliza bila kugeuka.

"Mgeni amepanda mlimani. Namfuata."

"Nimekuwekea mchuzi wa mbuzi. Pita kule, usinikanyagie, chokaa haijakauka."

Oralee alisimama. Maneno alikuwa nayo, mafupi tu: acha kupaka, mama, mwanao yu hai. Aliyageuza kinywani na kuyaona kama habari za mtaa mwingine.

"Umeruka kona ile," akasema, akionyesha kwa kidole.

"Macho haya," akasema Bi Eudora, akachovya brashi.

Oralee akaingia kwenye ngazi.

Alipanda haraka. Ngazi za mlima ule zimeota kuvu, majani ya pembeni ni makubwa kuliko meza, na kadiri unavyopanda ndivyo wingu linavyokufuata. Njia nzima alikuwa akijikumbusha atakayomwuliza Mairelys akimpata. Vidole vina ganzi? Ngozi inawasha? Miguu mizito? Aliyarudia mara nyingi, kama mtu anayekwenda dukani bila karatasi.

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi tangu kwenye pikapu. Mabega yalikuwa yanamwasha. Msomaji wangu, wewe umeshaelewa. Yeye hakuelewa, na usimcheke. Tangu siku ile Wendel alipolazwa ufukweni, mwili wake hajausikia vizuri. Alishawahi kuunguza mkono kwa mvuke wa birika akagundua kesho yake. Ganzi kwake ilikuwa mazoea.

Alimkuta Mairelys kwenye kibanda cha kupumzikia, karibu na kilele, amekaa kwenye benchi amejikunyata. Hakumsalimu. Alimshika kiwiko akamkunja mkono, akamminya vidole kimoja kimoja.

"Vina ganzi?"

"Hapana."

"Ngozi inawasha? Miguu?"

"Miguu inauma kwa hizi ngazi zenu."

"Simama kwa mguu mmoja. Fumba macho."

Mairelys akasimama kwa mguu mmoja, akafumba macho, na wala hakuyumba.

"Mimi mzima, dada," akasema. "Sikuzama."

"Ulizama na mimi."

"Masikio yalikataa. Nilining'inia kwenye kamba, chini kidogo tu ya mashua. Nikagonga mtungi kukuita, nikagonga wee, hukugeuka. Ulikwenda tu chini. Nilijua hurudi tena."

Oralee akakaa kwenye benchi. Kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kumwacha mgeni nyuma yake, na leo amemwacha bila kujua. Alingoja aibu ije. Akangoja tena kidogo. Haikuja.

"Basi tushuke," akasema.

"Huniulizi kitu?"

"Nikuulize nini?"

"Mume wako yuko wapi. Nimemjulia wapi. Mwanamke mwingine angeshaninyofoa nywele."

"Nizifanyie nini nywele zako?"

Mairelys akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati. Akasema yote bila kuulizwa. Kwamba anakaa naye Sint Maarten, ng'ambo ya maji tu, wakati wa usiku ukiwa Saba unaziona taa zake. Kwamba kule anatengeneza injini za mashua kwa jina lingine, na yeye amempenda kwa jina hilo lingine, hadi siku alipolewa akataja la kwake. Kwamba ndiye aliyemtuma aje kama mtalii, apande mlima, azame, apige picha, na aangalie kama ndani ya nyumba ile kuna mwanamume, na kama watu wameshasahau.

"Nikamwambia, nitamwambia mkeo kwanza, halafu nikuletee jibu lake. Sasa wewe jibu hukunipa. Ulivaa miwani."

"Ukawa unalipeleka wapi, huku juu?"

Mairelys aliinua macho. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la Oralee.

Kwenye ngazi za juu yao, nusu ndani ya wingu, alisimama mwanamume. Amekonda, amefuga ndevu, amevaa viatu ambavyo Oralee hajawahi kuviona. Alivitazama viatu vile kwanza. Kisha akatazama uso.

"Ora," akasema Cleyborn.

Mwaka mzima Oralee aliota dakika hii. Katika ndoto alikimbia, alipiga kelele, alianguka. Sasa alikaa kwenye benchi na maneno yaliyomtoka yalikuwa haya: "Mama yako anakupakia kaburi chokaa."

Cleyborn akafunika macho kwa kiganja. Akashuka ngazi moja, akasita. Alisema mashua ya watu wengine ilimwokota alfajiri, mbali sana, akiwa nusu mfu. Alisema alitaka kurudi kila siku, na kila siku alishindwa kwa kuona haya. Alisema mengi, na Oralee aliyaacha yapite. Alikuwa na swali moja tu.

"Wendel."

"Ora, ilikuwa giza. Mashua ilipinduka ghafla."

"Niambie Wendel."

Cleyborn akatazama chini.

"Boya la kuvaa lilikuwa moja."

"La nani?"

Mairelys aliacha kulia, na hapo nadhani ndipo naye alipolisikia kwa mara ya kwanza.

"Yeye ndiye alikuwa amelivaa," akasema Cleyborn.

Wendel alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anajua kupiga kinanda vibaya na kupika vizuri. Oralee alimfikiria akiwa majini gizani, na mikono ya mtu anayemwita shemeji ikimfungua mikanda ya boya kifuani.

Akataka kusimama. Hakutaka kupigana wala kulia. Alitaka kusimama, ampite mtu huyu bila kumgusa, ashuke mlima, amwambie Bi Eudora aweke brashi chini. Alisukuma benchi kwa viganja, mwili ukainuka kidogo, ukarudi ulipotoka.

Miguu haikuja.

Akaitazama. Ilikuwa palepale, viatu vyake, magoti yake. Akajifinya paja kwa nguvu zake zote, akaona ngozi inakuwa nyekundu. Hakusikia kitu. Hapo ndipo maswali yote aliyokuwa akimbebea Mairelys yalipomgeukia mwenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja jibu lake lilikuwa ndiyo.

"Ora," akasema Cleyborn, na sauti ilikuwa imebadilika, maana naye ni mtu wa bahari. "Leo umezama?"

"Ndiyo."

"Kina gani?"

"Sikuangalia."

Cleyborn akatoa tusi polepole. Mairelys aliuliza kuna nini, kuna nini, hadi Oralee akamweleza, kwa sauti ileile anayowaelezea wageni wa asubuhi: ameanza kupooza, kila anapokaa juu anazidi, akishushwa upesi akawekewa oksijeni na kupelekwa kwenye matibabu huenda miguu ikarudi, akicheleweshwa hairudi. Mtungi uko bandarini. Mjomba yuko chini na gari.

Simu ya Mairelys ilikuwa imezima. Cleyborn akamwambia akimbie, amwambie mzee alete watu na machela waanze kupanda, yeye atashuka naye wakutane njiani. Mairelys akakimbia. Walisikia viatu vyake vikiteleza kwenye kuvu, kisha hawakusikia tena.

Wakabaki wawili, mke na mume, kwenye benchi moja.

Alipomwinamia, Oralee akasema, "Usiniguse."

"Utatambaa?"

Aliangalia ngazi zinavyoingia kwenye wingu, ndefu, zenye utelezi. Mikono yake ingeweza kumvuta ngazi chache. Kwenye mizani upande mmoja kulikuwa na miguu yake, na upande wa pili mikono iliyomvua Wendel boya. Wasomaji wangu, mnaweza kukaa hapo mlipo mkasema mngefanya nini. Yeye hakuwa na nafasi hiyo.

"Nibebe," akasema.

Cleyborn akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, akamwinua. Alinuka mafuta ya injini. Akashuka kwa uangalifu, kisigino kwanza, kama tunavyoshuka sote tuliozaliwa huku, na hakuteleza hata mara moja. Njiani alinong'ona kwamba atamfidia, kwamba hakuna siku aliyomsahau, kwamba hata Wendel angemwelewa. Oralee aliangalia majani yakipita juu ya uso wake na kungoja chuki ije. Nayo haikuja. Alikuwa mzigo tu, anashushwa.

Wakafika panapogawanyika njia. Kulia ngazi zinashuka kijijini, kwa Elvando, kwa machela, kwa watu wote wa Saba ambao wangemwona Cleyborn anatoka mlimani amembeba mkewe, na wangemuuliza alilomuuliza Oralee. Kushoto ni kinjia cha udongo kinachozunguka nyuma ya mlima, upande wa kaskazini, ambako hakuna nyumba, hakuna barabara, na chini yake kuna ghuba ya mawe ambako mashua ndogo inaweza kufungwa siku nzima bila mtu kuiona.

"Kulia," akasema Oralee.

Cleyborn akasimama. Kutoka chini, mbali, sauti ya Elvando ilikuwa inaita jina la Oralee, na nyingine zikaitikia. Walikuwa wameshaanza kupanda.

"Kule watanimaliza, Ora," akasema taratibu. "Mashua yangu iko karibu. Nitakupeleka hospitali ya ng'ambo, nzuri kuliko hii yenu. Jioni tutakuwa tumefika."

"Jioni sitakuwa na miguu."

Cleyborn alimpandisha vizuri kifuani, kama mtu anayerekebisha gunia, akakanyaga kinjia cha kushoto.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Wendel alipoletwa ufukweni, Oralee alihisi kitu. Kilianzia tumboni, kikapanda, baridi, kikamjaa kifua chote mpaka meno yakaanza kugongana. Ilikuwa hofu, nayo ilimrudishia kila kitu kwa mpigo. Akajaza hewa mapafu yote mawili amwite mjomba wake.

Mkono wa Cleyborn uliokuwa mgongoni ukapanda, ukapita shavuni, ukamziba mdomo.